Jiwe Moja Kila Mwaka

Hilarión Copa hakuwahi kupanda mgongo wa mnyama maishani mwake. Lama, mnyama wa sufu mwenye shingo ndefu, habebi mtu. Hubeba mzigo wa wastani, naye huujua wastani huo kuliko mwenye mzigo. Ukimwongezea kidogo tu hulala chini, hukutazama kwa dharau, kisha hukutemea mate ya kijani usoni. Kwa hiyo kila mwaka, baridi ilipoikausha tambarare ya chumvi ikawa ngumu kama sakafu ya kanisa, Hilarión alitembea. Utotoni alitembea nyuma ya lama wa baba yake, akiokota kamba zilizoanguka. Ujanani alitembea ubavuni mwao. Na baba yake alipofariki alitembea mbele, akipiga mluzi kwa meno, huku matofali ya chumvi yakisuguana ndani ya viroba vya sufu nyuma yake, kutoka nyanda za juu zisizoota hata kichaka hadi mabonde ya joto ambako watu hulima mahindi.

Haukuwa mwendo wa haraka. Lama hali gizani, hivyo mizigo hushushwa jua likiwa bado juu, ili mnyama apate muda wa kutafuta majani yake. Kila mahali pa kushushia, panapoitwa paskana, pana boma lake la mawe, maji yake na kumbukumbu zake. Hapa babu alizaliwa. Pale shangazi alipigwa na radi. Watu wa njia ile hawakupima safari kwa umbali; walizipitisha paskana moja baada ya nyingine, kama bibi anavyopitisha rozari vidoleni, na hakuna aliyeona haja ya kuruka hata punje moja.

Lakini njia hiyo ya polepole haikuwa njia ya amani, wala hakuna aliyemdanganya mtoto kwamba ilikuwa hivyo. Majani ni machache kule juu, na kundi linalofika la pili kwenye paskana hulala na njaa. Hilarión alijua kulifunga jiwe ndani ya kombeo kabla hajaijua Baba Yetu. Pua yake ilivunjwa na watu wa jamii nyingine waliofika mapema kwenye maji. Jicho la kushoto la baba yake lilibaki paskana hiyohiyo miaka mingi kabla. Wanaume walipigana mpaka damu ikaingia ardhini, nayo ardhi ikahesabiwa kuwa imepata haki yake, na asubuhi waliopigana walisaidiana kupakia mizigo, wakiulizana habari za watoto kwa midomo iliyovimba. Ndivyo alivyolelewa. Alikuwa mtu mpole nyumbani, asiyempigia mke wala mbwa kelele. Lakini njiani alitembea na mawe matano laini mfukoni.

Mwaka ambao maisha yake yalipinda, baridi ilishuka mapema na kuviua viazi vingali ardhini. Nyumba mbili zilibaki bila chakula: nyumba yake, na ile ya dada yake Basilia, aliyeolewa na Gumersindo Yucra, mwanamume mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Wakapakia chumvi kwa kila lama aliyeweza kusimama, hata wazee na wale wenye makovu mgongoni. Chumvi ile ingegeuka mahindi kwa Anselmo Puita, mkulima wa bondeni ambaye baba yake alibadilishana na baba yao, na babu yake na babu yao. Hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Lama wakipotea, au mlango ule ukifungwa, watoto wa nyumba zote mbili wasingeziona mvua. Jambo hilo halikuhitaji kusemwa, na kweli hakuna aliyelisema.

Kwa Anselmo palikuwa pia na undugu. Mwanawe Delfín alipofikia umri wa kunyolewa nywele za kuzaliwa, Hilarión ndiye aliyeombwa kushika mkasi wa kwanza. Tangu siku hiyo alikuwa baba yake wa nywele, na Anselmo akawa mzazi mwenzake. Kila mwaka Delfín alimkimbilia mlangoni akitafuta zawadi. Kisha alikua, akaacha kukimbia, akaanza kushinda na watu wa mjini.

Asubuhi ya siku ile waliondoka paskana ya Boma la Tai jua likipasua barafu kwenye majani. Mbele alikwenda lama kiongozi aliyeitwa Askofu, kwa sababu ya kola yake nyeupe na mwendo wa kujivuna, kengele ya shaba ikimning'inia shingoni.

"Shemeji, mtazame Askofu leo," Gumersindo alisema, akikaza kamba. "Amevimba kana kwamba anakwenda kutoa kipaimara."

"Afadhali yeye ana kundi linalomfuata," Basilia alijibu kutoka nyuma, mikono yake ikisokota sufu. "Wewe hata mbwa wako hakufuati."

"Hanifuati kwa kuwa anakuogopa wewe na mwiko wako."

"Anayeuogopa mwiko wangu ni mbwa peke yake?"

Gumersindo alicheka mpaka akakohoa. Hilarión alicheka pia, akatupa kwenye upepo majani matatu ya koka, yale wanayotafuna dhidi ya uchovu, kwa ajili ya Mabwana wa milima, roho zinazolinda njia, wakaanza kushuka kuelekea Korongo Jekundu.

Mawe yaliporomoshwa kutoka juu walipofika mahali pembamba. La kwanza lilimvunja mgongo lama mmoja mzee, akaanguka akilia kama mtoto. La pili lilipasuka juu ya mwamba, na kipande chake kikampiga Hilarión begani. Alisikia mtulinga wake ukivunjika, sauti kavu, kama kuni. Alipoanguka alimwona Gumersindo amesimama katikati ya njia, miguu imetanuka, kombeo likizunguka juu ya kofia yake.

"Shukeni, wana haramu!" Gumersindo alinguruma. "Shukeni niwaone nyuso! Au mama zenu waliwazaa bila nyuso?"

Jiwe lililomjibu halikuporomoshwa. Lilirushwa kwa kombeo, na lilimpata kwenye panja la kushoto. Hakunyanyua mkono. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu.

Watu watatu walishuka, nyuso zao zimefunikwa kwa kofia za sufu zenye matundu ya macho. Mmoja alivaa koti la ngozi na kushika bunduki kuukuu ya risasi moja. Alimkanyaga Hilarión kifuani, akamtazama, akampiga teke la kichwa. Kisha wakaligeuza kundi, kwa fimbo na matusi, kulirudisha juu kule lilikotoka.

Hilarión alipopata fahamu, dada yake alikuwa amechuchumaa mbele yake. Alikuwa nyuma sana na lama mwenye kuchechemea wakati mawe yalipoporomoka, akajibanza.

"Simama," alisema.

"Gumersindo?"

"Simama, kaka."

Alimwona basi. Basilia alikuwa ameshamfunika mumewe uso kwa mtandio wake, na juu ya mwili alikuwa amepanga mawe ya kutosha kuwazuia tai na mbweha. Kucha zake zilitoka damu.

"Tumwombee kwanza," Hilarión alisema.

"Marehemu hatakimbia. Lama ndio wanaokwenda." Alimfunga mkono uliovunjika kifuani kwa kamba ya mzigo, akaivuta mpaka kaka yake akapiga ukelele. "Wanawapeleka wapi?"

Aliitazama samadi na nyayo. "Mgodini. Kule wananunua nyama bila kuuliza."

"Watafika leo?"

Hilarión alitazama jua. Kwa mara ya kwanza tangu jiwe limpige alihisi kitu kinachofanana na utulivu. "Wale si watu wa lama, Basilia. Umewaona wanavyopiga? Wanawaswaga kama nyumbu. Wakifika Boma la Tai, lama watalala. Hapo ndipo wanaposhushwa mzigo kila mwaka, na leo wametembea njia mara mbili."

"Na hao wezi watafanya nini?"

"Watawapiga."

"Na lama?"

"Watazidi kulala."

Basilia aliokota kombeo la mumewe kutoka vumbini, akalikung'uta, akalifunga kiunoni juu ya lake. Walipanda bila kukimbia, maana pale juu mtu anayekimbia hafiki. Hilarión aliuma majani ya koka na kuhesabu pumzi. Kila hatua mfupa uliovunjika ulimsugua nyama ndani. Dada yake alitangulia, akiinama mara kwa mara kuchagua jiwe, akilipima kiganjani, akilitupa au kulitia kwenye sketi yake.

Walisikia vipigo kabla ya kuona kitu. Ukingoni mwa boma walilala kifudifudi nyuma ya ukuta.

Lama wote walikuwa wamelala, miguu imekunjwa chini ya matumbo, shingo juu, wametulia kama waumini. Wanaume watatu walikuwa wakizunguka katikati yao wakitokwa jasho. Mmoja, mwembamba, alimpiga lama mweusi puani kwa fimbo mpaka fimbo ikakatika.

"Hawa si wanyama, ni mawe!" alipiga kelele. "Ulisema wanatembea wenyewe!"

"Wanatembea," alisema kijana aliyekuwa akivuta kamba ya Askofu. "Kila mwaka nawaona wakifika wanatembea."

"Unawaona wakifika! Hata mimi nauona mkate ukifika, sijui kuoka! Sasa wafanye wasimame, mtaalamu!"

"Nyamazeni," alisema mwenye koti la ngozi. Alimwendea Askofu, akampiga kwa kitako cha bunduki kwenye taya. Taya lilivunjika na kuning'inia. Askofu hakusimama. Aliinua shingo juu zaidi, akatema, damu na mate na majani, akamjaza yule mtu uso mzima.

Mwembamba aliangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomuua Askofu, kwa sababu mwenye koti alijifuta macho, akaugeuza mtutu, akaulaza kwenye sikio la mnyama lenye shada la sufu nyekundu, akafyatua.

Risasi ile ilikuwa moja, na bunduki ilikuwa ya risasi moja. Basilia alisimama ukutani kabla mwangwi haujarudi. Hilarión alilisikia kombeo likizunguka juu ya kichwa chake, mzunguko mmoja tu. Jiwe lilimpata mwenye koti mdomoni. Alirudi nyuma akishika uso, meno yakimtoka katikati ya vidole, akajikwaa kwenye mzigo wa chumvi. Lama walioshtushwa na mlio waliinuka wote kwa pamoja, wakazunguka ndani ya boma kama maji ndani ya chungu, wakimkanyaga. Alipojaribu kuinuka Basilia alikuwa ameshashuka. Jiwe la pili alilirusha kutoka hatua chache, kama mtu anayefunga mlango. Yule mtu hakuinuka tena.

Mwembamba aliruka ukuta akakimbia, akaacha kofia na kiatu. Hilarión alijaribu kumrushia. Alilishika kombeo kwa meno ili aweke jiwe, akarusha kwa mkono wake mzima, akakosa kwa mbali. Alipogeuka, kijana wa tatu alikuwa juu yake na kisu.

Kisu kiliingia kwenye mkono uliofungwa, katika nyama ya chini ya kiwiko. Walianguka pamoja kwenye samadi. Hilarión alikuwa na mkono mmoja tu, lakini miaka yote ya kukaza kamba ilikuwa kwenye mkono huo. Alimpiga paji la uso kwa kichwa chake, mara nyingi, mpaka macho ya mwenzake yakalegea, kisha akamzungushia shingoni kamba ya Askofu na kuvuta, goti likiwa mgongoni. Kijana aliparura ardhi. Kofia ya sufu ilimtoka.

Hilarión alimwona. Kamba ikalegea yenyewe.

"Baba," Delfín Puita alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza changarawe. "Baba, ni mimi."

"Naona ni wewe."

Basilia alikuja ameshika jiwe kubwa kwa mikono miwili, la ukuta, lenye ukungu wa kijivu. Alisimama juu yao. "Mgeuze," alisema. "Nataka anitazame."

"Subiri."

"Nimesubiri nikipanda mlima mzima, kaka. Mgeuze."

Hilarión alimshika Delfín nywele, zile alizozikata yeye mwenyewe kwa mkasi wenye utepe. "Nani alirusha jiwe? Lile la kombeo?"

Delfín alimtazama maiti mwenye koti la ngozi. Ingekuwa rahisi, maiti hapingi.

"Mimi," alisema. "Alikuwa anatutukana mama zetu. Nilitaka anyamaze."

"Amenyamaza," Basilia alisema, akaliinua jiwe.

"Basilia! Ukimuua huyu, mahindi yatatoka wapi?"

Jiwe lilibaki juu. Mikono yake ilitetemeka kwa uzito.

"Chumvi hii ataipokea nani?" Hilarión alisema, akihema. "Tumbishie Anselmo mlangoni na damu ya mwanawe mikononi? Au tuwalishe watoto chumvi? Niambie, nami nitamgeuza sasa hivi."

"Unamtetea kwa sababu ni wa kwako."

"Ningekuwa na mkono wa pili ningeshamnyonga kabla ya kumwona uso. Simtetei. Nauliza watoto wako watakula nini."

Basilia aliliachia jiwe. Lilianguka juu ya mkono wa Delfín wa kushoto, na vidole viwili vikapondeka. Alipiga kelele mpaka lama wakatega masikio. "Hayo si malipo," Basilia alisema. "Hiyo ni kwa sababu nimechoka kulishika."

Sasa lilikuwapo tatizo ambalo si kisu wala kombeo vingeweza kulitatua. Kundi halikuwa na kiongozi. Lama wengine walimfuata Askofu, na Askofu alikuwa amelala na tundu kichwani. Bila kengele mbele yao wangezunguka boma lile mpaka mvua. Asubuhi iliyofuata Hilarión aliivua kengele kwenye shingo ya mnyama, akamfunga nayo Delfín. Kisha akampakia mgongoni chumvi ya Askofu yote, akamkazia kamba kama anavyokaziwa lama, chini ya kifua na nyuma ya makalio.

"Tembea," alisema.

"Baba, mzigo ni mzito."

"Unaruhusiwa kutema mate. Tembea."

Wakashuka hivyo, kijana mbele na kengele yake, lama nyuma kwa utiifu, Basilia mwisho. Yule aliyekufa walimwacha bomani chini ya mawe, kwa kuwa hata mwizi hastahili tai. Katika Korongo Jekundu walisimama, wakachimba kaburi la Gumersindo kando ya njia, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Delfín alichimba kwa mkono mmoja. Basilia hakulia. Alikaa akisokota sufu ileile aliyokuwa akiisokota mumewe alipokuwa hai, mpaka uzi ukaisha.

Walipotokea bondeni kwa mwendo uleule wa kila mwaka, wa kushusha mizigo mapema na kupakia asubuhi, watu walitoka mashambani kuwatazama. Anselmo Puita alisimama mlangoni mwake na kofia mkononi, kama alivyosimama kila mwaka. Alianza kusema, "Karibu, mzazi mwen—", akaona ni nani amevaa kengele.

Hilarión alimweleza kwa maneno machache. Anselmo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia ndani, akatoka na mjeledi wa nyumbu, akampiga mwanawe mbele ya watu wote, bila kumfungua mzigo. Akampiga mpaka magunia yakapasuka na chumvi ikachanganyika na damu mgongoni. Mjeledi ulipomtoka mkononi alikaa kizingitini akilia.

"Mpelekeni kwa polisi," alisema. "Au muueni. Sitauliza."

"Gereza halitamlisha mwanangu mdogo," Basilia alisema. "Wala kaburi lake." Alisogea mbele ya mzee. "Nisikilize, mzazi mwenza wa kaka yangu. Mume wangu ndiye aliyepakia lama wangu. Sasa atapakia huyu. Atatembea nyuma ya lama wangu mpaka Tiburcio wangu aweze kunyanyua gunia peke yake. Mlango wako utabaki wazi kwetu kama zamani."

"Utabaki wazi."

"Na kila mwaka tukipita korongoni, atasimama kwenye kaburi, nami nitamrushia jiwe moja. Moja tu. Nikimpata nimempata, nikimkosa nimemkosa. Hutauliza."

Anselmo alimtazama mwanawe, akamtazama Hilarión. Hilarión alitazama miguu yake. Alimjua dada yake. Hakuwahi kumwona akikosa ndege anayeruka.

"Sitauliza," Anselmo alisema.

Mahindi yalipimwa, yakapakiwa, na watoto wa nyumba mbili waliziona mvua.

Mwaka wa kwanza Delfín alisimama kaburini amefumba macho. "Fumbua," Basilia alisema. "Gumersindo alikuwa amefumbua." Jiwe lilimvunja ubavu. Mwaka wa pili lilimng'oa nusu ya sikio. Kisha alitorokea machimboni. Baba yake alimrudisha amefungwa juu ya nyumbu kabla msafara haujaondoka, na mwaka huo jiwe lilimpata gotini, akawa anachechemea tangu wakati huo. Mwaka mwingine baridi ilikuwa kali, Basilia akarusha kwa mikono iliyokufa ganzi. Jiwe lilipita karibu na shavu la Delfín na kugonga mwamba. Alikaa chini akatetemeka kuliko miaka aliyopigwa.

Kati ya jiwe na jiwe walikuwa watu wa kazi. Delfín alijifunza kukaza kamba, kutibu kidonda cha mgongo kwa mkojo na majivu, kuijua samadi ya lama mgonjwa. Basilia alimpa supu ya nyama kavu na viazi kama alivyowapa wengine, bila kumjazia wala kumpunjia. Walitukanana kama watu wa nyumba moja.

"Wee mla mahindi, hata fundo hujui? Hilo fundo la kufungia sketi!"

"Ndilo lililoshika mzigo tangu juzi, mama."

"Mimi si mama yako. Lifungue, ufunge upya."

Kila walipokaribia Korongo Jekundu Hilarión alimtazama dada yake akipima mawe, kwani panja la mtu ni dogo na mkono ule ulilijua. Siku akilipata, Anselmo asingeuliza, alikuwa ameapa. Lakini mlango wa mtu unaweza kufungwa bila swali lolote, na hapakuwa na mlango wa pili.

Ukaja mwaka magoti ya Hilarión yalipokataa. Alipanda kilima kimoja tu akarudi akishikilia ukuta. Tiburcio alikuwa kijana mwenye mabega, na kabla ya safari alinyanyua gunia la chumvi peke yake mbele ya mama yake, akaliweka juu ya lama bila kusaidiwa. Delfín alikuwapo. Aliona, wote wakaona. Deni la kazi lilikuwa limekwisha siku hiyo; lililobaki ni jiwe, na sasa hapakuwa na sababu tena ya kulirusha kwa huruma ya mwenye kumhitaji mpakiaji.

"Dada," Hilarión alisema, akimshika kiwiko wakati kundi likitoka. "Mlango wa Anselmo."

"Naujua ulipo, kaka. Niachie mkono, lama wanapoa."

Akabaki. Hakuwahi kujua kwamba mwendo wa lama ni wa polepole kiasi kile, mpaka alipokuwa yeye anayeungoja. Kila alasiri aliwafuata kwa akili: sasa wako Boma la Tai, sasa wanashusha, sasa wanaliona korongo. Mkewe alimwambia ale. Alikula bila kujua anakula nini.

Siku waliyorudi upepo ulikuwa mkali, na vumbi la njia lilikuwa jeupe. Hilarión alitoka akaegemea ukuta wa zizi. Aliona lama kwanza, viroba vimejaa, vimetuna kwa mahindi. Aliona mbele yao Tiburcio, na kando yake sketi ya Basilia ikipigwa na upepo. Watu wawili. Alitazama nyuma ya kundi, na nyuma ya kundi palikuwa na vumbi tu.

Basilia alifika, akamkuta hajasogea.

"Mbona umesimama kwenye upepo, kaka? Una miaka mingapi, mitano? Tusaidie kushusha."

"Ulirusha?"

"Nilirusha."

"Ulimpata?"

"Kwani mimi ndiye wa kuulizwa? Muulize yeye." Akageuka, akapaza sauti kuelekea vumbini, ile sauti aliyorithi kwa mumewe. "Wewe mla mahindi! Utalala huko na huyo kilema?"

Kutoka vumbini alitokea Delfín akichechemea, akimvuta kwa kamba lama mwenye mguu mbaya, wote wawili wakienda kwa mwendo uleule. Mdomo wake ulikuwa umevimba ukawa wa zambarau, na alipoufungua kusalimia, katikati palikuwa na pengo jeusi ambalo halikuwapo alipoondoka.

"Shikamoo, baba," alisema, maneno yakipuliza hewa kwenye pengo. "Mzee Anselmo anakusalimu. Anasema mahindi ya mwakani atakutunzia yale meupe."

Hilarión alimsogelea, akaweka mkono chini ya kiroba cha yule lama kilema upande mmoja. Delfín akashika upande wa pili kwa mkono wake wa vidole vitatu, akatema damu kidogo kando, wakashusha.